Mgeni Aliyekosea Mlango

"Hodi wenyewe! Nimekuja kuona mtoto!"

Mwanamke aliyesimama mlangoni alikuwa anahema kwa ngazi, jasho likimtoka, uso wote ni furaha. Alikuwa amepakata beseni jipya la rangi ya waridi, na ndani ya beseni mlikuwa na unga wa uji, mche wa sabuni na shali nyeupe iliyokunjwa vizuri. Wavinya hakuwahi kumwona maishani. Alijikuta ameweka mkono juu ya tumbo lake la miezi minane, kama mtu anayeficha kitu kisiibiwe.

"Mtoto gani?"

Mgeni alimtazama usoni, kisha macho yakamshuka hadi tumboni. Furaha ikamwisha. "Woi! Kwani hapa si kwa Triza? Aliyejifungua Jumapili?"

"Triza yuko jengo lile la pili. Haya majengo ya mtaa wa Tena yanafanana, kila mtu hupotea."

Mambo yangeishia hapo, kwa kicheko na pole mbili tatu. Lakini jikoni alikuwamo Roseline, mama mkwe wake, aliyetoka magharibi kuja kumwangalia mpaka ajifungue, na Roseline alikuwa amesikia.

"Umesema umekuja kuona nini?"

"Nimekosea mlango, mama. Mnisamehe. Naitwa Ndindi, natoka Kariobangi, niko kanisa moja na Triza."

"Mtoto hajazaliwa, wewe ushamletea shali! Kwetu hata soksi hainunuliwi kabla hajalia. Toa hivyo vitu vyako mlangoni pangu!"

Wavinya aliona haya hadi akakosa pa kuangalia. Ni kweli nyumba ile haikuwa na kitu chochote cha mtoto, hata nepi. Mwaka uliopita alinunua kisweta cha manjano akakificha kabatini, na mtoto wake wa kwanza alipozaliwa kimya, katika mwezi huu huu wa nane wa mimba, Roseline alikitafuta kisweta akakipata. Tangu siku hiyo hakuhitaji maelezo mengine. Daktari alisema ni presha, Roseline akasema ni kisweta. Phares, karani wa reli na mume wa Wavinya, aliwasikiliza wote wawili na hakusema lolote, kama kawaida yake.

Ndindi alianza kurudi kinyumenyume. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, vile wanawake huulizana, "Na huyu, anacheza vizuri?"

Wavinya alifungua kinywa aseme ndiyo. Jana jioni mtoto alimpiga teke hadi sahani ikatikisika mapajani. Leo alikunywa chai, akalala ubavu wa kushoto kama alivyofundishwa kliniki, na akajiambia kwamba mtoto amelala.

"Tangu asubuhi," alisema polepole, "sijamsikia."

"Basi twende hospitali, dada. Sasa hivi."

"Hakuna mtu anakwenda na wewe popote," Roseline akasema, akamfungia mlango usoni.

Hakuwa mwanamke mbaya. Alimlaza Wavinya kitini, akamletea maji baridi, akapiga magoti kando yake. "Mtoto ameshtuka. Ameitwa kabla ya wakati wake. Tulia tuombe, atarudi." Wavinya alimpigia Phares simu kazini. "Msikilize mama," Phares alinong'ona, maana alikuwa mkutanoni. "Nitakuja."

Basi akangoja. Alikuwa amelelewa asiwabishie wakubwa, na akaona kungoja ndiyo adabu. Kutoka kwa mafundi wa jua kali kule nje, nyundo ziligonga mabati bila kupumzika. Jua lilihama kutoka dirishani hadi ukutani, na ndani yake hakuna kilichohama. Alijibonyeza tumbo kwa vidole, kwanza kwa upole, kisha kwa hasira.

Hatimaye aliinuka akavaa viatu.

"Mama, Sista Clare wa kliniki alisema siku akinyamaza nisingoje."

"Huyo Clare amezaa wangapi?"

"Hata mmoja. Lakini alisema."

"Toka basi. Na yatakayokupata huko usiseme nilikuwepo."

Kule chini, kando ya muuza mboga, Ndindi alikuwa ameketi juu ya jiwe, beseni mapajani. Hakuwa amefika kwa Triza. "Ningeenda kucheka na watu vipi?" alisema, na tayari alikuwa anasimamisha teksi.

"Mathe, shikilia hapo juu," dereva alimwambia Wavinya. "Hii barabara ni mashimo tupu. Nitaenda mosmos, polepole tu."

"Usiende mosmos!" Ndindi akamkaripia. "Enda!"

Walipokwama kwenye foleni ya magari karibu na Makadara, Ndindi aliuliza kama huyu ndiye wa kwanza. Wavinya akamwambia kuhusu yule wa mwaka jana.

"Alikuwa msichana?"

"Waliniambia ni msichana. Sikumwona." Alitazama nje. "Mama mkwe alisema ukimtazama mtoto ambaye hakulia, tumbo linafunga. Wakamfunika wakaenda naye, wakamzika nikiwa bado kitandani. Sasa kila usiku namtafutia uso. Leo nampa huu, kesho nampa mwingine."

Ndindi alimshika mkono tu. Wavinya aliinamia tumbo lake, akaongea kwa Kikamba cha mama yake, kwa sauti ambayo dereva hakuisikia. "Wewe nitakuona. Iwe vipi, wewe nitakuona." Ndipo akatambua kwamba mtu anayetarajia mtoto mzima hana haja ya kumwahidi hivyo.

Hospitalini daktari kijana alizungusha kifaa juu ya tumbo, akarudia, akatafuta upande mwingine. Kisha akazima sauti ya mashine.

"Pole sana, mama."

"Kama ningekuja asubuhi?"

Daktari alikunja waya wa kifaa chake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Pengine," alisema.

Alijifungua siku ya pili, kwa uchungu uleule wa mama yeyote, maana mwili haupunguzi kitu. Phares na Roseline walifika wakati muuguzi anamfunga mtoto kitambaa. Roseline alinyoosha mikono.

"Mlete huku, sista. Mama yake hamtazami."

"Nipe mimi," Wavinya alisema.

"Wavinya! Umesahau? Ukimfunua huyo, hutapata mwingine. Unataka mwanangu azeeke bila wa kumwita baba?"

"Wavi, tafadhali," Phares alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Kwa ajili yangu tu."

"Kwa ajili yako nilingoja jana."

Roseline alimshika Phares mkono. "Twende. Mwanamke wa hivi hatakuwa na nyumba ya kurudi." Na Phares, ambaye Wavinya alimpenda, ambaye bado alimpenda hata saa ile, alitoka na mama yake. Mlango ulifungwa taratibu, kwa heshima.

"Una hakika?" muuguzi aliuliza.

Wavinya alinyoosha mikono. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyofikiri, na bado ana joto kidogo mgongoni. Alifungua kitambaa. Mvulana. Nywele nyingi, pua ya Phares, sikio moja limejikunja kwa juu. Akamtazama bila haraka, vidole, magoti, nyayo, akarudi usoni, akakaa hapo mpaka akamjua.