Jipu la Mheshimiwa Aniceti

Koplo Theodory Margwe alirudi Nangara kutoka vita vya msituni akiwa na viungo vyake vyote, jambo ambalo majirani walilipokea kwa shukrani na kwa masikitiko kidogo. Walikuwa wamejiandaa kumpokea shujaa, na shujaa asiye hata na kovu la kuonyesha huitia kata aibu. Walipomkalisha na kumwomba asimulie vita, akawasimulia habari za soksi.

Hakuwa anawatania. Alikuwa tabibu wa kikosi cha kulinda amani, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye msitu ambao hata jua huingia kwa kuomba ruhusa. Kwa miezi kumi na minne adui aliyemsumbua kuliko wote alikuwa unyevu. Alitibu nyayo zilizooza ndani ya buti, malaria, kuhara, na askari mmoja aliyetandika kitanda chake juu ya njia ya siafu. Risasi zilikuja mara chache, na zilipokuja yeye hakuziona, kwa sababu wakati huo alikuwa amemwinamia mtu, amebana mshipa wa damu kwa goti huku mikono ikitafuta bandeji. Habari za goti hakuwasimulia. Wazee wakamaliza chai yao, wakaaga mapema.

Na habari za Hilary hakumsimulia mtu yeyote.

Hilary Hhando alikuwa kijana wa Sigino. Walijuana kule msituni siku Hilary alipojikwaa kwenye mzizi, akautukana mzizi ule kwa Kiiraqw safi cha kwao, na Theodory, aliyekuwa nyuma yake na begi la dawa, akacheka peke yake katika kikosi kizima. Tangu siku hiyo wakawa ndugu. Waligawana sukari, na Hilary akawa askari pekee aliyebadilisha soksi bila kuamriwa.

Siku ya balaa, helikopta ilileta waheshimiwa watatu waliokuja kujionea hali halisi ya mapambano kwa muda wa saa mbili. Wawili walipelekwa kuiona. Wa tatu, Mheshimiwa Aniceti, mzaliwa wa Babati, aliletwa moja kwa moja kwenye hema la Theodory akitembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja. Alikuwa na jipu kwenye kalio la kushoto. Lilikuwa limeiva, limewaka, na safari ya angani ilikuwa imelikasirisha. Theodory alimlaza kifudifudi, akalisafisha, akalitumbua. Mheshimiwa alipiga ukelele uliowafanya walinzi walale chini na kuelekeza bunduki vichakani.

Theodory alikuwa bado ananawa mikono walipomleta Hilary. Kipande cha bomu kilikuwa kimeuvunja mfupa wa mguu chini ya goti. Alimfunga, akazuia damu, akamtundikia dripu, kisha akakimbia kwa rubani kumweleza kwamba kijana huyu akifika kwa madaktari wa upasuaji jioni hiyo, mguu utapona. Rubani alikuwa mtu wa hesabu fupi. Helikopta ilikuwa na viti vitatu vya abiria na nafasi ya machela moja. Wageni watatu wangekaa, majeruhi angelala. Hesabu ilitoka sawasawa.

Isipokuwa Mheshimiwa Aniceti hakuweza kukaa. Alijaribu, tumpe haki yake. Alikalia kiti kwa muda wa pumzi moja akainuka. Hapo Theodory, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpandishia sauti mkubwa, alimpandishia. Alimwambia apige magoti, au asimame ameshika mkanda, safari si ndefu. Mheshimiwa akajibu kwa upole kwamba mtu wa wadhifa wake hawezi kushuka mbele ya mapokezi akiwa amepiga magoti. Akapewa machela. Akalala kifudifudi, akafunikwa blanketi hadi masikioni, akapaa.

Helikopta nyingine ilikuja kesho yake mchana. Mguu wa Hilary ulikatwa.

Hospitalini Hilary aliomba jambo moja tu: mama aambiwe ilikuwa mvua. Alimjua mama yake. Angeambiwa ukweli angefunga kanga na kwenda kwa miguu hadi mlangoni kwa yule bwana, na presha ingemmaliza njiani. Basi Mama Hilary akaambiwa kwamba mvua kubwa iliizuia helikopta. Akaipokea habari hiyo kama mkulima anavyopokea habari za mvua, kwa kunyamaza.

Ikapita miaka sita. Theodory aliacha jeshi, akawa analima mahindi na maharage, na watu wa Nangara walipojikata panga walimfuata yeye kwanza. Mwaka huo wazazi wa shule moja ya sekondari ya hapo katani walikuwa wamejenga chumba cha huduma ya kwanza. Walifyatua tofali wenyewe, wakachota maji wenyewe, wakapaua wenyewe. Mheshimiwa Aniceti alipopata habari aliguswa sana, akachangia kibao cha mlangoni. Kibao kilikuwa na jina lake, kwa herufi zilizoweza kusomwa kutoka barabara ya lami. Ndani ya chumba kulikuwa na kitanda kimoja, boksi moja la bandeji, na picha ya mheshimiwa ndani ya fremu.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, Mwalimu Rogathe, alimfuata Theodory shambani na karatasi iliyochapwa. Mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Aniceti, alisema, naye amewahi kujeruhiwa vitani, na kwa bahati njema tabibu aliyemhudumia ni mtu wa hapa hapa. Kamati ilimwomba asome ushuhuda. Theodory aliisoma ile karatasi amesimama kati ya matuta. Alikwisha kusikia kwamba mheshimiwa anasimulia jeraha lake kwenye hafla. Mwaka wa kwanza lilikuwa mkwaruzo, baadaye kipande cha bomu, na sasa, kwa mujibu wa karatasi, ilikuwa risasi. Jeraha la namna hiyo, linalozidi kukua kadiri linavyopona, hakuwahi kulisoma katika kitabu chochote.

Alimwambia mwalimu kwamba tabibu hatangazi ugonjwa wa mgonjwa wake. Mwalimu Rogathe akasema hakuna aliyemwomba atangaze, ameombwa asome. Mwishowe Theodory akakubali kuja, na kusema maneno machache yake mwenyewe. Alikusudia kusema kwamba chumba ni kizuri na kwamba mikono ioshwe kwa sabuni.

Siku ikafika, maturubai yakafungwa. Hilary alialikwa pia, kwa kuwa kamati ilitaka majeruhi wa kuonekana, akakaa mstari wa tatu na mama yake, mguu wake wa bandia ameunyoosha mbele. Mshereheshaji alikuwa Msafiri, kijana wa Bagara mwenye sauti ya kutosha wilaya mbili.

Mheshimiwa Aniceti alizungumza kwa muda mrefu. Alieleza msitu, giza, milio. Theodory aliyasikiliza yote kwa utulivu, hata risasi ilipoingia na kutoka. Watu wengi huongopa kuhusu vita, na yeye mwenyewe kwa namna yake alikuwa mmoja wao. Lakini mheshimiwa akashusha sauti akasema, "Nililala juu ya machela ile, damu ikinitoka, nikiwawaza watoto wa Babati." Theodory akageuka. Hilary alikuwa anautazama mguu wake kama mtu anayesoma tangazo.

Theodory alipoitwa, aliikunja karatasi ya maneno yake machache akaitia mfukoni. Akashika kipaza sauti.

"Ni kweli mheshimiwa nilimhudumia mimi," alisema. "Alikuwa na jipu. Nikalitumbua."

Vigelegele vikalipuka. Kwani neno jipu, miaka hiyo, lilikuwa limehama ngozini na kuingia maofisini. Jipu alikuwa mla rushwa, na kutumbua ni kumfukuza kazi. Msafiri aliwahi kipaza sauti cha pili na kuwaelezea wananchi kwamba wamesikia wenyewe, hata kule msituni, chini ya risasi, mheshimiwa alikuwa anatumbua majipu. Akina mama wakasimama na kucheza. Mheshimiwa Aniceti, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu, akapata damu tena na kupunga mkono.

Theodory alibaki amesimama na kipaza sauti mkononi. Alikuwa ametoboa siri ya mgonjwa, na siri yenyewe imegeuka kuwa sifa. Angeweza kurudi kukaa, na yote yangeishia hapo.

Aliyesimama ni Mama Hilary. Hakupaza sauti, lakini alikuwa mwanamke aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya korongo, na watu wakatulia.

"Theodory mwanangu," alisema, "hilo jipu ni mtu, au ni la usaha?"

"La usaha, mama."

"Lilikuwa wapi?"

Theodory alimtazama Mwalimu Rogathe, ambaye alikuwa anatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia.

"Kwenye kalio, mama. La kushoto."

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi nyuma, kikapanda mstari kwa mstari hadi meza kuu, ambako diwani alijifanya anakohoa. Mama Hilary hakucheka. Alisubiri kiishe.

"Na hiyo machela aliyolalia, ilikuwa siku gani?"

Theodory alimtazama Hilary. Hilary alimshika mama yake kanga, akamwomba akae. Hakukaa.

"Nimekuuliza siku."

"Ni siku ile ile, mama."

"Na mvua?"

"Haikunyesha."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wote walimjua Hilary, wote walikuwa wamesikia habari za mvua. Mama Hilary akatoka kwenye kiti chake, akaenda taratibu hadi meza kuu. Askari polisi aliyekuwa mlangoni mwa chumba kipya akasogea. Mwalimu Rogathe akaisogeza chupa ya maji mbali, kwa tahadhari. Watu walingoja kofi, na sitaficha, wengine walilitamani.

Alisimama mbele ya mheshimiwa, akamtazama.

"Umepona?" akamuuliza.

Mheshimiwa Aniceti akasema, "Nimepona, mama."

"Basi shukuru Mungu," alisema, akarudi kukaa.

Sherehe iliisha kwa haraka isiyo ya kawaida. Ratiba ya mgeni rasmi ilibainika kuwa imebana. Utepe ulikatwa, wali ukaliwa, na wiki hiyo hiyo Theodory akapokea barua ya karipio kutoka kamati kwa kosa la kutaja hadharani kiungo cha mgeni rasmi bila kibali. Kibao hakikung'olewa, ila wanafunzi wakiumia husema wanakwenda Jipuni. Mheshimiwa naye kwenye hafla zilizofuata aliacha kusimulia jeraha. Alisema kule msituni aliugua malaria.

Lakini Hilary hakupokea simu za Theodory. Majuma matatu yalipita. Jumamosi moja Theodory akapanda bodaboda hadi Sigino, akamkuta shambani anang'oa maharage amekaa juu ya ndoo.

Hilary hakumkaribisha. Alisema jipu lilikuwa la Theodory, kwa kuwa alilitumbua yeye, na alikuwa na haki ya kulitangaza. "Lakini ile mvua ilikuwa yangu," alisema. "Nilimpa mama ili alale."

Theodory alichuchumaa, akaanza kung'oa mstari wa pili.

Mama Hilary akawakuta hivyo, akawaletea chai. Aliwaambia wote wawili ni wajinga. Miaka sita, alisema, amemnunia Mungu kwa sababu ya mvua ambayo haikuwahi kunyesha. Kila mawingu yalipotanda Sigino aliyatazama kwa jicho baya, hata yale yaliyomlisha. "Mmenigombanisha na asiye na kosa," alisema. "Kesho nakwenda kuungama, na mtanipeleka."

Kesho yake wakakaa nje ya kanisa, Hilary na Theodory, kwenye ukuta mfupi. Mama alichukua muda mrefu kwenye kitubio. Kwenye foleni waumini walianza kutazamana wakijiuliza mwanamke wa umri ule ametenda nini.

Alipotoka, Hilary alimuuliza padri amempa malipizi gani kwa dhambi zake.

"Kanitaka nimwombee yule mheshimiwa," alisema, akijitanda kanga vizuri. "Nimekubali. Leo nimeanza na kalio. Mwenyewe nitamfikia polepole."

Hilary akacheka hadi akaomba mkono wa kushikilia, na aliyekuwa karibu ni Theodory.