Mstari Mwekundu Ukatazama Chini

Kazini walimwita Rula, kwa sababu alipima kila kitu. Hata hotuba za harusi alizipima kwa saa. Siku za kazi alikuwa fundi seremala. Jumapili alikuwa mwalimu wa watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na huko nako alinyoosha watu. Somo la dhambi alilijua nje ndani: dhambi si matendo tu, ni moyo uliompa Mungu kisogo. Alilifundisha bila hata kutazama kitabu.

Mwaka huo mwanafunzi wake mmoja alikuwa fundi rangi, aliyeingia darasani kwa magongo. Yeye na Rula walikuwa wakijenga shule pamoja, hadi siku fundi rangi alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao la kupakia rangi na kuvunjika nyonga. Kila mtu alisema ni uzembe wake. Mkewe alisema kuliko wote. "Jamani, mimi nimeolewa na ndege," aliwaambia wageni hospitalini, "ila huyu mabawa aliyasahau nyumbani." Watu walicheka. Rula naye alicheka, na kicheko kile kilimkaa kooni miezi minane.

Maana Rula ndiye aliyelifunga lile jukwaa. Pale kazini, ubao wenye ufa hupigwa mstari mwekundu ili usikanyagwe. Asubuhi ile alipungukiwa na ubao mmoja, stoo ilikuwa mbali, na mvua ilikuwa inanyemelea. Akachukua wenye mstari, akaugeuza, mstari mwekundu ukatazama chini. "Leo tu," alijisemea. Baada ya ajali aliokota vipande, akaenda navyo nyumbani, akavichemshia maji ya kuoga.

Wiki ya mwisho kabla ya ubatizo, kila mwanafunzi huzungumza na mwalimu peke yake, katika chumba kidogo cha vitabu nyuma ya kanisa. Fundi rangi aliketi, akaegemeza magongo kwenye kabati, akatoa karatasi.

"Dhambi zangu nimeziandika, Mwalimu, nisije nikasahau. Hasira. Uongo kwa mama watoto. Ila hii ya kwanza inanisumbua."

"Ipi?"

"Uzembe wa siku ile. Tatizo sikumbuki, kaka. Nakumbuka nakanyaga, basi. Nikitubu nahisi kama naigiza. Hivi Mungu anasamehe dhambi ambayo mtu haikumbuki?"

Jibu Rula alikuwa nalo, refu na zuri. Alifungua mdomo, akashikwa na aibu. Miezi minane mtu huyu alikuwa akipiga magoti kwa dhambi ya mwenzake, na mwenzake ndiye aliyekuwa akimsahihishia sala. Rula akaiona kazi ikipotea, darasa likipotea, pengine na jela. Aliogopa sana, tusimpambe.

"Ifute hiyo," alisema.

"Ina maana imesamehewa?"

"Si yako. Ni yangu."

Akaeleza yote: ufa, mstari, vipande, maji ya kuoga. Mvua hakuitaja.

Fundi rangi alichukua kalamu mezani, akaikata ile ya kwanza taratibu.

"Nisamehe, ndugu yangu," Rula alisema.

"Sijui kama naweza. Leo sijui." Akavuta magongo yake. "Inuka, twende kwangu."

"Kwako?"

"Kwa mke wangu. Ananiuguza huku ananisema, na mimi kila siku namwambia nisamehe, mama. Sasa ukamwambie wewe. Na watoto wasikie."

Walikwenda polepole, kwa mwendo wa magongo. Rula alijaribu kupanga maneno njiani, yakamtoroka yote.

Mke wa fundi rangi alikuwa uani akianua nguo. Alipowaona, uso ukamchangamka.

"Afadhali umekuja, Mwalimu! Huyu mtu wako nimemsema mpaka nimechoka. Nisaidie."

Rula akavua kofia.

"Shemeji," alisema, "waite watoto."