Tumemwambia Baba

Nilishuka kwenye pikipiki ya mdogo wangu Willy mbele ya nyumba yetu, mjini Baraka, nikavua kaske kichwani, nikasema, "Hodi." Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Nyumba yenye kilio haibishiwi hodi. Kwetu, upande wa baba, mtu anayetoka mbali kuja kumlilia ndugu yake huanza kulia angali barabarani. Analia kwa sauti, anamwita marehemu, anamweleza alikotoka na kwa nini amechelewa. Majirani wanatoka, wanampokea, wanaingia naye. Mimi nilikuwa nalijua hilo tangu utoto. Nimewahi kuwaona wanawake wakicheka njia nzima kutoka Nundu, kisha wakifika kwenye kona ya mwisho wanajifunga vitenge vizuri na kuanza. Lakini gari la kutoka Uvira lilikuwa limetuharibikia Nundu, Willy akaja kunichukua, vumbi limenijaa masikioni, na neno lililotoka likawa hilo.

Shangazi Immaculée, dada yake baba, aliyenilea baada ya mama, alisimama mlangoni akanitazama kuanzia viatu.

"We Arlette, unaingia kwa baba yako kama mutu wa kuuza sabuni?"

Nikamsalimia, nikaweka begi chini. Kiti cha baba kilikuwa kimegeuzwa kutazama ukuta, na kingebaki hivyo mpaka kilio kiondolewe. Nilikitazama nikasubiri kitu kinishike rohoni. Hakikunishika.

Niseme ilivyokuwa. Mimi nasomea urubani Afrika Kusini. Kule mimi ni mgeni, na majina wanayotuita wageni siyaandiki hapa, wabaki nayo. Baba yangu, Casimir, alikuwa fundi wa moteur, yaani injini, za boti hapa Baraka, na ni yeye aliyenituma. Kila Jumapili nilimrekodia ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Kusikiliza alisikiliza mwenyewe, simu ameibana sikioni, hataki mtu karibu. Kujibu hakutaka. Alisema yeye hasemi na kibao. Kwa hiyo aliyejibu siku zote alikuwa shangazi: "Baba yako anasema vizuri," "Baba yako anauliza kama unakula."

Baba alikufa mvua zilipoanza. Mimi nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa leseni ya kwanza, na shangazi alikataza mtu yeyote kuniambia. Nikaendelea kurekodi kila Jumapili, nikamsimulia maiti mambo ya mabawa na upepo. Shangazi akaendelea kujibu. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba maneno yalikuwa yamebadilika. Hakusema tena baba anasema hivi au vile. Alisema neno moja tu, "Tumemwambia," huku akihema, nami nikadhani ni uzee unamwingia. Siku nilipotuma habari kwamba nimefaulu, ndipo Willy akanipigia simu na kunieleza.

Nilikuwa dukani nanunua mkate. Nililipa, nikaenda chumbani, nikaula. Nasema hivi bila kujisifu. Mwalimu wetu wa redio hutufundisha kuwa na sauti moja tu, kavu, isiyopanda wala kushuka, hata kama moteur inawaka moto. Mimi alinikazania kuliko wengine, kwa sababu watu wa mnarani, wanaoongoza ndege, walikuwa wakijifanya hawanielewi, na kila nilipopandisha sauti walizidi kutonielewa. Nikaipata hiyo sauti. Nadhani niliipata sana.

Jioni ile ya kufika nilimuuliza shangazi kwa nini alinificha. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharage, hakuinua kichwa.

"Niliogopa. Mutu iko kule juu, unamuambia baba yake amekufa, mikono inalegea. Ndege inaanguka. Tungezika bawili."

"Shangazi, sikai kule juu. Ninashuka. Ninalala kwa kitanda."

"Na kesho yake unapanda tena."

Nilipaswa kukasirika. Nilijua kabisa mahali hasira ilipotakiwa kukaa, pako wazi, mtu angeweza kuweka meza pale. Nikamsaidia kuchagua maharage.

Sasa shida ilikuwa hii. Masomo ya hatua ya mwisho, yale ya kunifanya rubani wa ndege za abiria, yalikuwa yanaanza wiki iliyofuata, na asiyekuwepo nafasi yake anapewa mwingine. Ilibidi niondoke Baraka kabla ya Jumapili. Lakini kilio cha baba kilikuwa hakijaondolewa. Waombolezaji walikuwa wamerudi makwao zamani, pasta Élie alikuwa ameshaomba na kumaliza, ila shangazi alibaki na kitambaa chake cheusi, akinisubiri.

"Kwanza ulie," aliniambia. "Kilio ya kaka yangu haitoke kama mutoto wake hajalia. Ukienda hivi, barabara yako umeifunga mwenyewe, na mi sitakupa mukono."

Kwa shangazi, kukosa kupewa mkono wa kwaheri ni kukatwa kwenye ukoo. Hakuwa anatishia. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyokueleza kwamba daraja limevunjika.

Basi nilijaribu. Jirani yetu Félicité, ambaye kulia kwake kunasikika mpaka sokoni, alijitolea kunisaidia. Alinikalisha nyuma ya jiko.

"Fikiria tu siku alikununulia viatu ya kwanza," alisema.

Nikafikiria. Vilikuwa vya plastiki, vyekundu. Félicité mwenyewe akaanza kulia, akalia vizuri sana, nikalazimika kumletea maji.

"Machozi inakataa, mama Félicité," nikamwambia.

"Iko ndani. Haipotee," alisema akipangusa pua. Lakini nilimwona akimtazama shangazi na kutikisa kichwa.

Ijumaa shangazi aliamua twende kaburini. Baba alizikwa kwao, milimani juu ya Fizi. Willy, ambaye kazi yake ni kubeba wachuuzi wanaokwenda Misisi kwa pikipiki, alitupakia wote wawili, mimi katikati. Barabara ilikuwa matope na mawe, na tulipopita ofisi za teritwari, yaani za wilaya, pale Fizi-Centre, tukaacha pikipiki kwa mtu. Kutoka pale ni njia ya miguu tu, inapanda moja kwa moja katikati ya mihogo. Nilishangaa jinsi shangazi alivyoijua. Alikwepa mashimo kabla ya kuyaona. Tulipofika juu alikuwa anahema, ameshika kiuno.

Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao na jina la baba. Nyasi zake zilikuwa zimeng'olewa vizuri. Nikasimama. Nikasoma jina. Nikaona chini kabisa ziwa, na mawingu ya aina ambayo sasa naijua jina lake, na nikajikuta nahesabu mvua itafika baada ya muda gani. Kwingine kote ndani yangu kulikuwa kimya.

"Machozi haikuye?" shangazi akauliza.

"Haikuye."

Kisha akanyoosha mkono. "Nipe koti yako."

Lilikuwa koti la shule, la bluu, lenye alama ya mabawa kifuani. Nikamvulia. Akalivaa juu ya kitenge, likambana mabegani, akarudi nyuma kwenye ile njia mpaka akapotea kwenye mihogo. Nikamgeukia Willy. Willy akatazama chini.

Halafu tukamsikia akija. Analia kama tunavyolia sisi, tangu mbali, mikono kichwani.

"Baba yangu ee, ni mi Arlette! Ninatoka mbali! Baba ee, leo nimeruka mi mwenyewe! Mwalimu alishuka, akafunga mulango, akaniacha na kiti yake wazi! Nikasikiliza moteur kwanza, vile ulinifundisha, nikasikia iko muzima! Nikataja jina yako, baba, nikasukuma!"

Maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyarekodi nimeketi sakafuni, mlango umefungwa, siku niliyoruka peke yangu mara ya kwanza. Siku hiyo baba alikuwa ameshazikwa.

"Baba ee, huku baridi inauma! Banacheka kiingereza yangu, baba! Lakini usimuambie shangazi, atakosa usingizi! Usimuambie shangazi, baba ee!"

Alilipita lile neno bila kusita, analilia kama mengine. Nikahisi uso unawaka.

"Alizijuaje jumbe zangu zote?" nikamuuliza Willy.

"Yaya, dada yangu, kila ukituma, ananiamsha nimulete huku," Willy alisema kwa sauti ya chini. "Hata na mvua. Anapanda, anaweka simu ya baba juu ya kaburi, anaifungulia, inasema mpaka inaisha. Nilimuambia, shangazi, tusikilizie tu nyumbani. Akakataa. Akasema haikutumwa kwetu. Kisha anakujibu palepale. Alinikataza kukuambia."

Shangazi alikuwa amefika kaburini. Alimaliza ujumbe wa mwisho, ule wa kufaulu mtihani, akapiga magoti, kisha akanyamaza ghafla. Akavua koti akanirudishia.

"Zangu zinaishia hapo," alisema. "Ingine iko yako."

Nikapiga magoti pembeni yake. Nikaitafuta sauti, nikapata ileile kavu.

"Baba, ni mi Arlette. Nimefika. Nimechelewa kwa sababu..."

Ikakata. Nikasubiri, nikaanza tena, ikakata mahali palepale. Macho yalikuwa makavu kabisa. Shangazi alinitazama muda mrefu, akaona alichoona, akachukua udongo kidogo akaupaka mkononi mwangu.

"Imetosha," akasema.

Nyumbani aligeuza kiti cha baba kikatazama mlango, akavua kitambaa cheusi, na Félicité akalia kwa mara nyingine ingawa hakuna aliyemwomba. Asubuhi shangazi akanipa mkono. Niliushika, nikashukuru, nikapanda pikipiki. Nilipita Nundu, Uvira, mpaka Bujumbura, nikakaa kwenye ndege dirishani, na njia yote sikuhisi kitu zaidi ya kiu.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nilishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Nilirekodi kidogo tu: kwamba nimefika, kwamba nafasi yangu ipo, kwamba kesho naanza kurusha ndege ya moteur mbili. Nikatuma kwenye simu ya baba.

Kesho yake tulikuwa tumeshakaa ndani ya ndege, mimi kushoto, mwalimu kulia, redio imewashwa, moteur bado. Simu ikatetemeka mfukoni. Mwalimu alikuwa bado anaandika, akanipa ishara kwamba naweza kuitazama. Nikasogeza kaske ya redio nyuma ya sikio, nikaweka simu, nikaibana, kama baba.

Kwanza nilisikia upepo na majani ya mihogo. Kisha pumzi. Pumzi ndefu, nzito, ya mama mzee aliyepanda mlima mzima kwa miguu, anatafuta hewa kabla ya kusema. Ilikuwa pumzi ileile ya miezi yote ile, na mimi nilikuwa nikiisikia kila wiki bila kujua ilitoka wapi.

"Tumemwambia," alisema shangazi.

Nililia. Nililia kwa sauti, mikono kichwani, kaske ya redio ikaanguka miguuni, nikamwita baba, nikamweleza ninakotoka na kwa nini nimechelewa. Mnara, uliosikia kilio kwenye redio, ukauliza kama kuna shida. Mwalimu akanitazama, akanyoosha mkono, akazima redio.