Kanga Kwenye Begi la Otto

...na huyu dada wa mihuri ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha mgeni rasmi, "Mama, chagua moja, watu wanangoja," sawa, naona wanangoja, mstari umeanzia kwenye bembea, umeipita ile treni ya watoto ambayo haijasogea tangu tuje kwa sababu nayo inangoja kuzinduliwa, mkia wake umefika kwa muuza miwa, na wote tumesimama hapa na watoto mikononi kwa ajili ya jambo moja, kuchagua, maana maonyesho matatu ambayo ratiba iliyapanga kwa kupokezana, mazingaombwe kwanza, kisha sarakasi, kisha lizombe, mtoto aone yote arudi nyumbani hoi, sasa yatafanyika kwa pamoja, kila moja na jukwaa lake, mshereheshaji Kajetani kashatangaza kwenye spika, "kutokana na kuchelewa kidogo kwa mgeni wetu rasmi, na ili kuokoa muda," kuokoa muda, hapo ndipo nilipoipenda nchi yangu upya, tunauzamisha muda kutwa nzima halafu jioni tunaunda kamati ya kuuokoa... "Nataka farasi," anasema Brigita kutoka mgongoni kwangu, farasi hayumo kwenye ratiba, mama, farasi ni ile picha ya ukutani getini, lakini mtoto wa miaka minne ameahidiwa na ukuta na mimi ni nani niupinge, na bustani yenyewe mpya, ya kwanza hapa Mshangano, mihuri yake haijafika, wameazima ya ofisi fulani, sikuuliza ipi, anayekwenda kwenye mazingaombwe anagongwa mkononi SIRI, wa sarakasi anagongwa IMELIPWA, na wa lizombe, ngoma ambayo haitapigwa mpaka mheshimiwa aketi, anagongwa HARAKA, ukishagongwa umegongwa, hakuna kuhama jukwaa, "Mimi kwa mchawi," anasema Otto, amenyoosha mkono juu ya meza kabisa, miaka saba na msimamo wa mjumbe wa bodi, si mchawi Otto, ni mtu wa mazingaombwe, "Ni mchawi wa Dar," haya, wa Dar.

Na ningeweza kusema neno moja tu, nikamwambia Otto leo tunakwenda kwenye lizombe ya Bibi, kwisha, angenuna mpaka sambusa ya kwanza halafu angesahau, lakini asubuhi nilisimama mbele ya baba yao nikatangaza, kwa sauti ile ile ninayotumia darasani, leo watoto wanachagua wenyewe, kwa sababu nilisoma mahali kwamba mtoto anayechaguliwa kila kitu huja kuwa mtu mzima anayesubiri maelekezo kutoka juu, na watu wa aina hiyo tunao tayari, wamejaa kwenye majengo, tukipungukiwa tutaagiza... Edwin akacheka, "Mwalimu, utajuta," akavaa koti lake la suti akaenda kwenye kamati ya mapokezi, hivi sasa yuko barabarani na wajumbe wenzake na shada la maua, wanapigwa na baridi ya mwezi wa saba, wanamsubiri mtu ambaye simu yake inasema ametoka Namtumbo, ilisema hivyo mchana na bado inasema... baada ya Edwin kuondoka nikafungua begi la Otto niweke sweta, na ndani, juu ya mihogo ya kuchemsha, nikaikuta kanga.

Kanga ya kijani, ya korosho, ile ya arusi ya Asumpta, wifi yangu, imekunjwa vizuri kama kitambaa cha altare, na mtu yeyote wa mtaani kwetu Lizaboni angejua ni ya nini, kikundi cha Bibi kina desturi yake, anayeongoza ngoma hamalizi mwenyewe, akifika kileleni, akishatota jasho, mtu wa nyumbani kwake anaingia uwanjani anamfunga kanga kiunoni, wote wanashangilia, hapo ndipo inahesabika kwamba amecheza, na asipokuwa na mtu wa kumfunga anatoka pembeni kimya kimya kama aliyekwenda kutema mate, nimewahi kumwona mmoja akitoka hivyo, sikupenda... miaka yote aliyemfunga Bibi alikuwa Asumpta, lakini Asumpta ameolewa Namtumbo na ana kichanga cha wiki chache, Edwin hawezi, wanaingia wanawake na watoto tu, kwa hiyo Bibi Kunegunda, mama mkwe wangu, mama aliyejua kabisa kwamba mimi nipo, nina miguu miwili na mikono miwili na shahada, akaiweka kanga kwenye begi la mtoto.

Nikalifunga begi, sikumuuliza Otto kitu, ningemuulizaje, Otto, mbona bibi yako ameniruka, na nilijua sababu, au nilidhani naijua, mwaka wangu wa kwanza hapa, nimehamishwa kutoka Rungwe kwa barua ya mistari mitatu, nimeolewa hata mwaka haujaisha, niliona lizombe imekolea, Bibi katikati, vumbi, mabega, na mimi kwetu ukifurahi unaingia, nikaingia, nikapiga vigelegele nikamwendea mikono imetanuka, na ngoma zikanyamaza, zote, mpaka leo nikikumbuka ule ukimya masikio yanapata moto, Bibi hakukasirika, aligeuka tu akawaambia wapigaji, "Endeleeni jamani, huyo ni mgeni wetu," wakaendelea, na mimi nikarudi benchi, na nimekaa benchi miaka minane, nimezaa humu, nimezika baba mkwe humu, nimelima mahindi ya Edwin ambayo Edwin huyatembelea, mgeni wa miaka minane, tena hata si rasmi, rasmi angalau angesubiriwa na shada.

"Kwani mchawi akichelewa kuanza," Otto anamuuliza dada wa mihuri, "nikaenda kumwona Bibi kwanza halafu nikarudi, si inawezekana?" "Hairuhusiwi." "Nani kasema?" "Kamati." "Kamati iko wapi?" "Inamsubiri mgeni rasmi." "Sasa asipokuja?" na dada wa mihuri, ambaye nadhani ni mwenye haki moyoni, anautazama muhuri ulioko mkononi mwake kama vile majibu yameandikwa chini yake, watu nyuma yangu wanacheka, na mimi, Mungu anisamehe, najivuna, najivuna mpaka mgongo unanyooka na Brigita anapanda juu kidogo, huyu ndiye mtoto nisiyemchagulia, angalia kazi yake, ameuliza maswali ambayo ukumbi mzima wa watu wazima hutoka haujayauliza... lakini huyo huyo ndiye anakwenda kwa mchawi, na begi lake, na kanga.

Namwona Bibi kule, ukingoni mwa jukwaa la tatu, blauzi nyeupe, miguu peku kwenye baridi hii, wenzake wanaota moto wa kukaza ngozi za ngoma na yeye anawanyooshea kidole, mguu, si bega, anza na mguu, hatazami huku, hatatazama, yule mama anaweza kutokutazama kwa nguvu kuliko watu wengine wanavyotazama, na wiki iliyopita kamati ilimwandikia barua, yenye kumbukumbu namba na alama za mkwaju na nakala kwa watu sita, kwamba kikundi kipunguze ngoma yao iwe dakika saba, Edwin akamsomea, akasikiliza mpaka kwenye sahihi, akasema, "Waambie ngoma haina dakika, ina jasho, wakiona tumekauka ndiyo imekwisha," nilikuwa jikoni nikasikia, nikasimama na mwiko mkononi nikimwonea fahari kama niliyemzaa mimi, na sikumwambia, sisi hatuambiani, nyumba yao ndivyo ilivyo, jambo la maana kati ya mkwe na mama mkwe halisemwi uso kwa uso, ni kukosa adabu, linapita kwa mtoto, miaka yote hii naletewa, mama, Bibi anasema chumvi, mama, Bibi anasema Padri anakuja kesho, mama, Bibi anasema pole kwa kufiwa na mjomba wako, hata lile la kufiwa lilikuja na Otto, anatafuna muwa... "Mama, jamani," dada wa mihuri.

"Mwalimu!" ni Mama Leo, jirani yangu, kashagongwa yeye na Leo wake, SIRI na SIRI, "kama huyo Otto ni wa mazingaombwe si niende naye tu, wewe unateseka nini hapo?" nateseka nini, Mama Leo, natesekea kanga, Otto akienda na wewe nani atamfunga mama wa watu, atatota jasho pale katikati, macho yatazunguka kumtafuta mjukuu na mjukuu atakuwa anamwangalia mtu wa Dar akitoa njiwa kwenye kofia, na mimi nitakuwa benchi, siwezi kuingia nisipoitwa, niliingia mara moja nikajua, na nikimlazimisha Otto nitakuwa nimevunja neno langu mbele yake, na nisipomlazimisha nitakuwa nimemwacha bibi yake atoke pembeni kimya kimya, haya mwalimu, chagua wewe sasa, wewe uliyesoma vitabu... uliza basi, si kulazimisha, kuuliza tu, taarifa, mtoto ana haki ya kuchagua akiwa na taarifa zote, hilo nalo nililisoma, "Otto, mwanangu, ile kanga ya Bibi kwenye begi, alikuambiaje?"

"Kanga ipi?" "Ya kijani." Anafikiri, naona kabisa anarudi asubuhi, anapita kwenye mihogo, anaikuta. "Aa. Si ya kwako? Alisema kampe mama yako, mwambie leo anifunge yeye." "Otto! Alisema lini?" "Nilikuwa navaa viatu. Nikaiweka kwenye begi nisisahau." Nisisahau... na amesema hivyo bila hata kushusha mkono, bado anausubiri muhuri wake, hajui amebeba nini mgongoni tangu Lizaboni, anifunge yeye, kwa hiyo hakuniruka, kwa hiyo ilikuja kama chumvi ilivyokuja, kama Padri, kama pole ya mjomba, kwa njia ile ile ya siku zote, na mimi ninayesahihisha insha za watu nikaona kanga nikaacha kumuuliza tarishi, kutwa nzima nimenuna juu ya barua niliyokwisha kutumiwa, na kule kutotazama kwake, ee Mungu, kumbe si dharau, anangoja jibu, amengoja tangu asubuhi, peku, na hawezi kuuliza kama vile mimi nisivyoweza, wanawake wawili wazima na tarishi mmoja mwenye kamba za viatu.

"Mama Leo, nenda naye, asile barafu," nasema, Mama Leo ananiangalia, "Unalia?" vumbi, nimemwambia vumbi, na Otto tayari kagongwa, anaunusa wino, mwanangu aliyechagua mwenyewe, namvua begi mgongoni natoa kanga, bado ina harufu ya mihogo, "Na wewe unakwenda wapi?" ananiuliza, kwa Bibi, "Utaweza?" nitaweza, "Kaza sana, Shangazi Asumpta huwa anakaza," nitakaza, "Huko kuna farasi?" anauliza Brigita, huko kuna Bibi, anapima, "Haya," na mimi nanyoosha mkono juu ya meza, dada wa mihuri anatafuta wa kwangu kati ya mitatu, mstari haujasogea, treni haijasogea, moto wa ngoma unafuka, naifungua kanga naitandaza begani upande wa jukwaani, ionekane, na kule mbali Bibi Kunegunda anainua kichwa, mara moja, anakirudisha, anawapigia wenzake makofi, haya, mguu, na spika inakwaruza, Kajetani anakohoa, "Ndugu wananchi, tuendelee kuwa wavumilivu, mgeni wetu bado yuko njiani," basi mngojeni, mimi nimefika.