Baka la Mkono wa Kulia

Mara ya kwanza, fundi saa alidhani amejiunguza. Baka lilimtoka juu ya mkono wa kulia, la mviringo mithili ya sarafu, jekundu lenye uzambarau, likimchoma na kumwasha. Baada ya wiki likafifia, likaacha weusi. Mara ya pili lilirudi palepale, wala halikukosea hata kwa upana wa ukucha. Liliporudi mara ya tatu, fundi alihesabu siku kimoyomoyo. Kila lilipotokea, mama mkwe alikuwa amewatembelea.

Na Jumamosi mama mkwe angehamia kwao kabisa. Mkewe alikwisha kutandika kitanda katika chumba cha uani. Kumwambia kwamba mzazi wake ndiye anayemsababishia mabaka kulikuwa kuitia nyumba moto kwa mkono wake mwenyewe. Fundi hakuamini uchawi. Lakini saa ikisimama mara tatu wakati uleule, fundi hutafuta sababu. Ijumaa akaenda kwa tabibu.

"Umebadilisha sabuni?"

"La."

"Unashika mafuta ya mitambo?"

"Miaka ishirini sasa, kwa mkono huuhuu."

"Umetumia dawa yoyote?"

"Sijatumia. Mimi siugui."

Tabibu akakuna kidevu. "Basi nisimulie siku ile lilipotoka, tangu asubuhi."

Fundi akasimulia kwa aibu: mama mkwe alifika, akazungumza, kichwa cha fundi kikaanza kugonga, naye mama, kwa huruma, akampa vidonge viwili kutoka mkobani mwake.

"Vidonge?"

"Vya kichwa tu. Vinauzwa dukani, kando ya biskuti."

"Hivyo si dawa?"

"Dawa huandikwa na daktari."

"Ngozi yako haisomi cheti, mzee. Vidonge hivyo inavikataa. Kila ukivimeza, baka litarudi palepale. Usiviguse tena, na umwambie kila atakayekutibu. Ukiona malengelenge au vidonda mdomoni, usingoje kesho."

Fundi akatoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Aliyemletea baka ni mama mkwe. Na asiye na hatia ni mama mkwe huyohuyo. Angeyasemaje hayo kwa lugha ya adabu?

Jumamosi mama mkwe akafika na mizigo yake. Kabla hajaketi, akafungua mkoba.

"Baba, naona umekunja uso. Shika viwili hivi."

Fundi akaficha mikono mgongoni kama mtoto. "Mama, vinanidhuru. Ndivyo vinavyonisababishia hili baka."

Mkewe akasimama mlangoni na shuka mkononi. Mama mkwe akavirudisha vidonge mkobani.

"Kumbe nimekuwa nikikulisha sumu, mwanangu?"

"Hukujua, mama. Hata mimi sikujua. Chumba ni chako, karibu."

"Nitaingia. Lakini kichwa kikikuuma, utakipoza kwa dawa gani?"

"Sijui."

"Mimi najua. Kinakuuma kila nikianza kuzungumza."

Fundi akamtupia mkewe jicho la kuomba msaada. Mkewe alikuwa akikunja shuka lililokwisha kukunjwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kukubali kulikuwa utovu wa adabu. Kukana kulikuwa uongo.

"Nikuletee maji, mama?" akauliza.

"Kunywa wewe, baba. Mimi kuanzia leo nanyamaza," akasema mama mkwe, akavuta kiti, akaanza kueleza kwa nini.