Sori Ipi

…sori, ndivyo alivyosema, ayam veri sori, mama, na sasa amesimama mlangoni na viatu mkononi, huyu Wanyera aliyetoka Mbale asubuhi hii hadi kwetu Mpumudde, dereva wa lori lililomgonga mume wangu Jamiru pale Busiu, anangoja nijibu, na mimi sijui ameniambia nini, maana Kiswahili kina pole na kina samahani, pole ni ya mtu aliyeuona msiba wako, samahani ni ya aliyeuleta, lakini sori… nikijikwaa sokoni mwanamke nisiyemjua husema sori, nikiangusha kikombe jirani yangu Ramula ananiitia sori kutoka ng'ambo ya ukuta, wala hakukigusa, sasa huyu naye ni mpita njia, ameniona nimejikwaa tu?… "Shemeji, jibu mutu," ananong'ona Sulait, mdogo wake Jamiru, aliyekuja kukaa nami kwa kuwa niko edani na mgeni ni mwanamume, "amesimama sana," na nataka kumwambia ngoja, ngoja kwanza… polisi walisema pikipiki ya Jamiru ndiyo iliyohama upande wake, wenye maduka wakasema ni lori, mvua ilikuwa inanyesha, kila mtu aliona chake… na kwa nini asiseme Kiswahili, anakijua, nimemsikia uani akisalimiana na Sulait, au kwao wazee bado wanakumbuka Kiswahili cha askari, cha lala chini, toa kitambulisho, akaona si lugha ya kumwendea mjane, wakati kwangu ni lugha ya babu yangu Mnubi, ndiyo aliyonibembelezea… au amekichagua Kiingereza kwa ujanja, nikimshika kwa samahani atorokee kwenye pole?… binti yangu Namwase aliwahi kuniambia, ametoka shule, mama, sori ni kivumishi, kinaeleza mtu yukoje, kama mrefu, kama mgonjwa, nikacheka, nani anakuwa sori kama anavyokuwa mrefu… basi niko hivi, ndivyo anavyosema? nitazame?… na namtazama, kwa mara ya kwanza tangu aje, ndevu hazijanyolewa, soksi imetoboka kidoleni, analificha tundu kwa mguu wa pili, la, nisimwonee huruma upesi hivi, huruma itanimezea swali… swali lipi?… "Mama?" anasema, Sulait anakohoa, na hapo naona kwamba hata angesema pole, hata angesema samahani, ningebaki nimekaa papa hapa kwenye mkeka, kwa sababu ninachokitaka tangu siku ile hakimo katika neno lolote kati ya hayo, madereva wakigonga mtu hawasimami, wanaogopa kupigwa na watu, wanakimbilia polisi, na mimi kila nikifumba macho namwona Jamiru amelala peke yake kwenye lami, mvua inamwingia mdomoni, hakuna aliyemgeuza, hakuna aliyemtamkia shahada, na nani ajuaye kama ilikuwa hivyo ila huyu mwenye soksi… kumbe si hukumu niliyokuwa naitafuta… bado amesimama, bado sijafungua kinywa, lakini swali limekwisha kufika ulimini, kwa Kiswahili, na atanivumilia nacho: ulishuka?