Tonton Kabeya na Chupa ya Achari

Wiki tatu nzima nilikata karoti mpaka vidole vikabadilika rangi. Maxime alikuwa ameniambia wazi: mama yake, Maman Lucienne, mzaliwa wa Saigon, hakuwa na neno na Katanga yetu wala na mimi Larissa. Alitaka jambo moja tu, mwanawe wa pekee asikose achari ya kwao ya figili na karoti mezani.

"Nitakuja kwenu Jumapili baada ya wiki tatu," Maman Lucienne mwenyewe aliniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu. "Nikishaonja, ndipo nitasema kama nampa ruhusa akuoe."

Nilimpenda Maxime kupita kiasi, kwa hiyo nilikuwa tayari kupigana na figili. Mara ya kwanza achari ilitoka chumvi tupu. Mara ya pili mama yangu, Sidonie, asiyeamini mboga mbichi hata kidogo, alizichemsha kwa siri.

"Microbes ikufe!" alisema, bila haya, akimaanisha vijidudu.

Mara ya tatu nilijifungia jikoni. Nilikata figili nyeupe na karoti nyembamba kama njiti za kiberiti, nikazifikicha kwa chumvi mpaka zikapindika bila kukatika. Nikazisuuza, nikazikamua, nikazimwagia siki, sukari na maji ya vuguvugu. Nikazitia katika chupa, nikakaza kifuniko na kuificha ndani kabisa ya friji. Siku tatu hakuna aliyeigusa.

Jumapili, sebule yetu ya huku ugenini, mtaa wa Koekelberg, iling'aa. Msemaji wa familia alikuwa Tonton Kabeya, kaka yake mama, ndani ya suti yake ya kijivu. Wageni walipopiga kengele alitugeukia.

"Mbele ya bakwe, hata kukohoa ni haya. Donc, mutulie!"

Alikuwa katikati ya hotuba yake, na kwa kweli ilikuwa ndefu, nilipofungua chupa. Mungu wangu! Sebule nzima ilinuka tumbo lililolala na maharage. Maxime akatazama dari. Mama akamtazama Tonton Kabeya. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamtazama Tonton Kabeya, maana maharage ya jana alikula sahani mbili. Nilijua ndoa yangu imekwisha.

Tonton alitutazama mmoja mmoja. Alijua si yeye. Nadhani alifikiri ni dada yake, yaani mama yangu. Akafunga kifungo cha koti, akasimama wima.

"Pardon, maman. Ni mie. Ni haricots ya jana. Mutoto wetu asikose bwana juu ya tumbo yangu."

Akarudia yote kwa Kifaransa, pole pole, ili mgeni asipitwe na kitu.

Maman Lucienne akaanza kutikisika mabega. Akacheka mpaka akavua miwani, akacheka mpaka akamshika Maxime mkono asianguke.

"Papa, ni figili!" alimwambia Tonton. "Ikikaa siku tatu hunuka hivyo hivyo!"

Akachukua njiti moja, akaitafuna, kru, akafumba macho. Tulicheka sote, Mama akilia machozi ndani ya kitenge chake. Tonton peke yake alibaki amesimama, hajui akae au aendelee na hotuba.

Maman Lucienne alijifuta macho.

"Tangu mume wangu afe, hakuna mtu aliyebeba aibu isiyo yake kwa ajili ya watu wake mbele yangu," alisema. "Nilikuja kuamua kama nitawapa mwanangu. Sasa nauliza kama mtanichukua na mimi."

Msemaji wetu akakaa, hotuba ikaishia hapo. Mama akamsogezea Maman Lucienne kiti karibu na chake.